Diski Iliyopotea: Tuanzie kwenye Chemchemi

Maji yanapokatika katika nyumba moja mjini Morogoro, fundi mwenye busara haanzi kwa kuvunja bomba la jikoni. Huuliza kwanza: je, Bwawa la Mindu lina maji? Je, Mto Ngerengere, uteremkao kutoka Milima ya Uluguru, unalijaza? Utaratibu huohuo wa kuanzia kwenye chanzo huifaa kompyuta ambayo hifadhi yake haifunguki.

Katika kompyuta nyingi zitumiazo Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix ya mwaka 1969, diski hazitumiwi moja moja. Programu iitwayo LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998, huziunganisha. Tuseme kila diski ni kijito. Vijito huingia katika bwawa moja, yaani kundi la diski. Kutoka bwawani hutolewa mabomba, yaani hifadhi zenye majina, ambazo mtumiaji huziona kana kwamba kila moja ni diski kamili. Nafasi ikipungua, huongezwa kijito kingine na bomba likapanuliwa.

Lakini mfano huu una mpaka wake. Maji ya bwawani huchanganyika; data hazichanganyiki. LVM huigawa kila diski katika vipande, kwa kawaida vya megabaiti 4, na kuandika daftarini kila kipande kiko wapi. Kwa kawaida nakala ya daftari hilo huwekwa katika kila diski. Kwa hiyo diski moja ikipotea, zilizobaki hulijua jina lake, ila haziwezi kutoa vipande ilivyovibeba.

Miaka michache iliyopita niliitwa katika ofisi moja iliyotunza vipimo vya mvua ya Uluguru. Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili na hifadhi mbili. Ile ya barua ilifunguka. Ile ya mvua iligoma. Kijana mhudumu alihitimisha kwamba diski ni nzima, na akataka kuiunda upya hifadhi ya mvua. Nilimsihi aondoe mkono kwenye kibonye. Barua huandikwa tena. Mvua iliyokwisha kunyesha haipimwi tena.

Tulianzia kwenye chemchemi. Amri ya lsblk, ionyeshayo diski ambazo mashine inaziona, ilitaja diski moja tu. Amri ya pvs, ionyeshayo diski za LVM, ilitaja ya pili kuwa haipo. Sasa fumbo likafumbuka: hifadhi ya barua ilikuwa yote katika diski ya kwanza, na ile ya mvua ilienea katika zote mbili. Tulizima mashine na kuifungua. Waya wa umeme wa diski ya pili ulikuwa umelegea. Ulipokazwa, pvs ilionyesha diski zote. Vgs ikathibitisha kwamba kundi limekamilika. Vgchange -ay ikaziamsha hifadhi. Vipimo vyote vilikuwapo.

Je, kama waya ungekuwa mzima na daftari ndilo lililoharibika? LVM huweka nakala za daftari katika saraka ya /etc/lvm/archive, na amri ya vgcfgrestore huweza kulirudisha. Hata hivyo, ramani ya shamba si mavuno: amri hiyo hurudisha mpangilio tu, hairudishi data zilizofutwa. Wala fsck, amri ya kukarabati mfumo wa mafaili, isitumiwe kabla ya kundi kukamilika, kwani huenda ikaharibu kilichosalia.

Mwalimu aweza kuonyesha somo hili darasani kwa kompyuta kuukuu na diski mbili ndogo zisizo na kitu cha thamani. Wanafunzi waunde kundi, waandike mafaili, wazime mashine, waondoe diski moja, kisha waeleze ni hifadhi ipi itakayofunguka na kwa nini. Na kila mtu akumbuke kwamba kuunganisha diski si kuweka akiba. Nakala ya pili na ikae katika mashine nyingine, mbali na ile ya kwanza.