Wayunani, Theluji ya Kibo na Kalamu

Afikaye Moshi alfajiri huiona theluji ya Kibo kabla mawingu hayajaifunika. Ustaarabu wa Wayunani wa kale ulichipuka katika miji ya pwani na visiwa, ukaenezwa na mabaharia, ukatia mizizi Misri baada ya Alexander kuanzisha mji wa Alexandria mwaka 331 kabla ya Kristo. Katika karne ya 1, mfanyabiashara wa huko Misri aliandika kwa Kiyunani habari za pwani yetu: bandari ya Rhapta, na kisiwa cha Menuthias chenye mashua za kushonwa, ambacho wataalamu wengine hudhani ni Unguja au Pemba. Yapata mwaka 150, Ptolemy akataja milima yenye theluji. Wengine husema ni Kilimanjaro, wengine Ruwenzori.

Wachagga waliijua theluji hiyo, wakayaongoza maji ya mlima hadi migombani kwa mifereji yao, mifongo; wenzao wa visiwani walishona mitepe. Lakini historia huwakumbuka walioandika. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Wazee wajuao kuchimba mifongo nao wanatutoka. Viongozi na wananchi, bara na visiwani, tuyaandike maarifa yao sasa. Mali bila daftari hupotea bila habari.