Kinanda cha Santuri Kikinyamaza Upande Mmoja: Chunguza Waya Kwanza



Huku Rusizi, kwenye mashamba ya chai ya Shagasha na huko Bugarama, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1984, mtu aliyetunza kinanda chake na santuri za Franco na OK Jazz hapendi kuvitupa. Lakini kinanda kikitoa sauti upande mmoja tu, au kikivuma kama nyuki, wengi hudhani kimekufa. Mshahara ni jasho. Usiutoe kabla hujajua ubaya uko wapi. Mara nyingi uko kwenye waya wa sauti, pale unapoingia katika plagi, maana hapo ndipo unapokunjwa.

Waya huo una njia mbili: uzi wa katikati unaobeba sauti, na wavu wa shaba unaouzunguka na kuukinga. Plagi nyekundu ni ya kulia, nyeupe au nyeusi ni ya kushoto. Umeme utokao kwenye kichwa cha sindano cha sumaku ni mdogo sana, kama milivolti 5 tu. Kwa hiyo hata kutu kidogo inayoletwa na unyevu huweza kuuzuia.

Kutafuta ubaya:

1. Zima amplifaya. Badilisha plagi, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia, kisha washa. Kimya kikihamia spika ya pili, ubaya uko kwenye waya au kichwa cha sindano. Kikibaki palepale, uko kwenye amplifaya au spika.

2. Punguza sauti, tikisa waya karibu na plagi. Sauti ikija na kupotea, waya umekatika hapo.

3. Kinanda kikivuma, tazama kwanza waya mwembamba wa ardhi. Ufunge vizuri kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya.

Kutengeneza:

Chomoa vyombo vyote kwenye umeme. Kata waya kama sentimita 4 kutoka plagi mbovu. Pitisha kwanza kifuniko cha plagi mpya, maana baada ya kulehemu hakipiti tena. Menya waya, usokote wavu. Uzi wa katikati ulehemu kwenye ncha ya katikati, wavu kwenye ukingo. Tumia risasi ya mafundi redio, si asidi ya mafundi bati, kwani asidi hula shaba. Fanya upesi, plastiki isiyeyuke. Unywele mmoja wa wavu ukigusa katikati, upande huo utanyamaza kabisa.

Tahadhari: usipime waya kwa betri na balbu ya tochi wakati kichwa cha sindano kimeunganishwa, waweza kuunguza nyuzi zake nyembamba. Na waya wa umeme wa nyumba mwachie fundi.

Hata ukienda kwa fundi, mweleze ulichopima na ulichoona. Hapo utalipia plagi, hutalipia amplifaya nzima.