GETI LILIPOGOMA
(Jinsi ya kutafuta hitilafu kwenye kifaa cha kufungulia geti kwa simu)

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mpenzi msomaji, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi nilikuja kuielewa likizo ya Aprili. Nilikuwa nimesimama gizani nyuma ya geti la nyumbani kwetu Kitengela, saa tatu na nusu usiku. Mama alikuwa upande wa pili, peke yake kwenye gari, na geti limegoma katakata. Hebu tega sikio nikusimulie kisa hicho, kisha nikueleze nilivyojifunza kuzitafuta hitilafu za mashine hizi. Siku hizi mageti ya aina hii yamezagaa mitaani, na huenda la kwenu likagoma kesho.

Kwanza nikujulishe kifaa chenyewe. Shangazi yangu anaishi Marekani. Huko nyumba nyingi zina gereji. Usifikirie gereji ya akina fundi wenye ovaroli zilizolowa mafuta, la! Ninasema juu ya chumba cha kulaza gari, kilichoshikana na nyumba, chenye mlango mpana unaopanda juu kwa nguvu za mota. Shangazi alitutumia kijisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani, ambacho huufungua mlango wa namna hiyo kwa kubonyeza simu. Sisi gereji hatuna, gari letu hulala uani. Tuna geti la chuma linaloteleza juu ya reli, likisukumwa na mota. Lakini fundi aliyekuja kukifunga alisema kazi ni ile ile: mota ya gereji na mota ya geti, nyingi huanza kuzunguka pale nyaya mbili zinapogusanishwa kwa muda mfupi, sawa na mtu aliyebonyeza kengele ya mlangoni.

Kabla ya kukichomeka, fundi alisoma maandishi madogo kwenye chaja yake. Marekani stima ya nyumbani ni volti 120, na kwetu Kenya ni volti 240. Chaja ikiandikwa 100–240, hiyo haina neno. Ikiandikwa 120 pekee, ukiichomeka kwetu utasikia harufu ya kuungua kabla hujamaliza kusema "loo!" Yetu ilikuwa ya kwanza, kwa hivyo ikabidi tutafute tu kiunganishi cha kuingiza zile pini mbili bapa kwenye soketi yetu ya matundu matatu.

Sasa, amri ya kufungua geti husafiri vipi? Fikiria mbio za kupokezana vijiti siku ya michezo. Mkimbiaji wa kwanza ni simu ya Mama. Anampa kijiti mtandao wa simu, nao unakipeleka kwenye kompyuta ya kampuni iliyotengeneza kifaa, ambayo huenda iko ng'ambo. Kompyuta hiyo inakirudisha mpaka kwenye ruta ya nyumbani kwetu, yaani kile kijisanduku cha waifai kilicho sebuleni. Ruta inakipa kile kifaa cha Shangazi. Ndani ya kifaa mna swichi ndogo iitwayo rilei. Rilei inagusanisha zile nyaya mbili, mota inazunguka, gia inasukuma geti. Mwisho kabisa, kihisi kilicho kwenye nguzo kinairudishia simu habari: geti limefunguka au limefunga. Yote haya kwa sekunde chache! Lakini mkimbiaji mmoja akijikwaa, timu nzima imeshindwa, na wewe uliye mbali huwezi kujua nani kaanguka.

Turudi usiku ule. Mama ni muuguzi na alikuwa akitoka kazini. Nikasikia honi, halafu simu yangu ikalia. "Mwanangu, umelala? Hili geti limekataa. Simu inaniambia kifaa hakipatikani." Nikamwambia, "Tumia rimoti, Mama." Akajibu kwamba rimoti haiwaki taa. Kumbe tangu tupate ufunguzi wa simu, hakuna aliyeigusa ile rimoti, na betri yake ilikuwa imekufa kimyakimya. Nikakimbia mpaka kwenye kitufe cha ukutani kilicho karibu na mlango wa jikoni. Nikakibonyeza, lakini kilikuwa kimelegea siku nyingi na hakuna aliyejali. Basi ikabidi tutafute ule ufunguo wa kuitenga mota na geti ili lisukumwe kwa mkono. Ufunguo uko wapi? Baba alikuwa safarini. Nilipindua droo zote. Ulipita muda wa dakika ishirini hivi kabla sijaupata ndani ya kikombe cha kalamu, na dakika zote hizo Mama alikuwa nje barabarani, taa za gari zimezimwa ili asionekane na wapita njia. Nilipolisukuma geti akaingia, hakunigombeza. Alisema tu, "Asante, mwanangu," na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Asubuhi Baba alipiga simu akauliza, "Nani ameigusa hiyo mashine?" Sote kimya. Mimi nikaanza kutoa lawama. Nilisema ni stima, kwa sababu ilikuwa imepotea jioni. Nikasema ni fundi, alifunga vibaya. Nikasema hata ni Shangazi, ametuletea kitu kibovu. Baba akasema, "Basi tafuta, uniambie."

Nikaanza kutafuta. Nilichomeka ngazi, nikakitazama kifaa. Kijitaa chake kilikuwa kinapepesa badala ya kutulia. Nikafungua kijitabu cha maelezo, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Kilisema kijitaa kikipepesa hivyo, kifaa kina stima lakini hakijaunganishwa na waifai. Moyo ukanipiga pa! Mchana wa jana yake mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha nywila ya waifai, kwa kuwa vijana wa jirani walikuwa wakiitumia na kututafunia intaneti. Simu zote za nyumbani nilizipa nywila mpya. Kifaa cha geti sikukikumbuka. Maskini kilikuwa huko ukutani kinabisha hodi kwa nywila ya zamani, na kila mara kinafungiwa mlango.

Nilimpigia Baba nikakiri. Ilikuwa simu ngumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya.

Kukiunganisha upya nako kulinichosha. Nilijaribu mara tatu kikakataa. Halafu nikasoma tena kile kijitabu nikang'amua kwamba ruta yetu hutangaza kwa mawimbi ya aina mbili: gigahazi 2.4 na gigahazi 5. Vifaa vingi vidogo vya nyumbani husikia ile ya 2.4 peke yake, ambayo pia hupenya kuta na kufika mbali zaidi. Mimi nilikuwa nakilazimisha kisikie ile ya 5. Nilipochagua ya 2.4, kijitaa kikatulia tuli. Nikapiga kelele za furaha mpaka kuku wakakimbia.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Wiki iliyofuata geti lilikuwa likianza kujifunga, linafika katikati, kisha linarudi nyuma na kufunguka lote. Mjomba wangu, ambaye anajua kila kazi kushinda wenyewe, akatazama kidogo akasema, "Ni hayo macho yanasumbua. Wewe unganisha nyaya zake pamoja, uachane nayo."

Macho aliyoyasema ni vijisanduku viwili, kimoja kila upande wa njia. Kimoja hutuma mwali wa mwanga usioonekana kwa macho yetu, na cha pili huupokea. Mwali ukikatwa na gari, mbuzi au mtoto, geti linalojifunga hurudi. Ukiunganisha nyaya kama alivyosema Mjomba, mota itadhani njia ni nyeupe siku zote, hata kama mtu amesimama pale. Geti letu ni la chuma kitupu na uzito wake mnaukisia. Huko Marekani, mashine za milango ya gereji za nyumbani zinazotengenezwa tangu 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na kinga kama hiyo, kwa kuwa watoto walikuwa wakibanwa na milango mpaka kufa. Na sisi tuna kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, ambaye hatembei, anakimbia.

Nikasema, "Mjomba, samahani, ngoja kwanza tuyaangalie." Nikachukua kitambaa laini. Jicho moja lilikuwa limejaa vumbi la Kitengela, na ndani ya kofia yake buibui amejenga. Nikalifuta. Bado. Nikatazama kwa makini nikaona jicho la pili limepinda kidogo, labda liligongwa na baiskeli. Nikalinyoosha mpaka yakatazamana, nikakaza skrubu. Geti likafunga mpaka mwisho. Kisha nikaweka ndoo katikati ya njia kulijaribu. Lilianza kuja, likaiona ndoo, likarudi. Mjomba akacheka akasema, "Haya, mwalimu." Tangu siku hiyo, kila nimwonapo kitinda mimba akifukuza mpira kuelekea getini, ninaikumbuka ile ndoo.

Kisa cha tatu kilikuwa kidogo lakini kilinifunza kuliko vyote. Simu ilisema geti li wazi, na sisi tulikuwa tunaliona limefunga. Nilitaka kuisogeza sumaku. Niseme kwamba kihisi chetu kina sehemu mbili: sumaku iliyo kwenye geti, na swichi iliyo kwenye nguzo. Sumaku ikikaribia, vijichuma viwili ndani ya swichi hushikana, na simu huandika "limefunga". Ningeisogeza sumaku kidogo tu, simu ingesema nilichotaka kusikia. Lakini nikainama kwanza kutazama reli. Kokoto moja ilikuwa imekwama mwishoni, na geti lilikuwa limebakisha upana wa vidole viwili. Simu haikudanganya. Macho yetu ndiyo yaliyodanganyika.

Hapo ndipo nilipopata fundisho langu. Mara zote tatu, kifaa kilikuwa kinasema kweli. Mara ya kwanza kilisema, "Sina waifai." Mara ya pili geti lilisema, "Sioni njia." Mara ya tatu simu ilisema, "Sijafunga." Na mara zote tatu, shauri la kwanza lililotujia lilikuwa kukilaumu au kukinyamazisha.

Kwa hivyo, msomaji, geti au mlango wa gereji ukigoma kwenu, fuata hatua hizi:

1. Anza katikati ya mbio, si mwanzoni. Bonyeza rimoti au kitufe cha ukutani. Geti likiitika, mota ni nzima, na hitilafu iko kwenye kifaa, ruta au simu. Lisipoitika kwa vyote viwili, tazama stima, mota na betri yake.

2. Kitufe kikifanya kazi na rimoti isifanye, badilisha betri ya rimoti kabla hujamwita mtu.

3. Stima ikipotea, ruta huzimika, na simu haiwezi kufungua kitu. Mota yenye betri ya akiba bado itaitii rimoti. Usiitupe rimoti eti kwa sababu una simu.

4. Tazama kijitaa cha kifaa, na usome kijitabu kinasema nini juu yake. Jiulize pia: ni nini kilichobadilika nyumbani tangu lilipofanya kazi mara ya mwisho? Nywila? Ruta mpya?

5. Likianza kufunga na kurudi, futa macho, yanyooshe, toa majani na utando wa buibui. Usiyaunganishe nyaya hata siku moja. Ukimaliza, lijaribu kwa ndoo, usilijaribu kwa mguu wako.

6. Simu na macho yako vikipingana, fagia reli kwanza kabla ya kugusa sumaku.

7. Badilisha jambo moja, jaribu, ndipo uende kwa lingine. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

8. Usifungue kifuniko cha mota kama stima haijazimwa kwenye swichi kuu. Volti 240 hazimjui mwanafunzi wala mwalimu. Kazi ya ndani ya mota mwachie fundi.

9. La mwisho, na kwangu ndilo la kwanza: kila aliye nyumbani, hata Nyanya, ajue ufunguo wa kufungulia kwa mkono uko wapi, na afundishwe kuutumia mchana, kabla usiku haujafika.

Ufunguo wetu sasa unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, na kitufe kile nimekikaza. Kila Jumapili mimi huibonyeza rimoti mara moja kuona kama i hai. Mama akiwa zamu ya jioni, silali mpaka nisikie geti limefunga, tena mpaka simu nayo ikubali kwamba limefunga.

Nikitia nanga, nawaomba wenzangu: mkikosea jambo nyumbani, semeni mapema. Stima inaweza kupewa lawama zote, lakini haitafungua geti.