Jaji Mpya wa Mahakama ya Juu: Mwananchi Asemee Wapi?

Mwishoni mwa Januari 2011, Rais Mwai Kibaki alimtaja Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu mpya wa Kenya. Katiba mpya ilikuwa na miezi mitano tu tangu izinduliwe. Chini ya katiba ya zamani, tangazo kama hilo lingefunga mjadala: Rais alimteua amtakaye, wananchi wakasikia kwenye taarifa ya habari ya saa moja, basi. Safari hii mambo yalikwenda vingine. Waziri Mkuu Raila Odinga alisema hakushauriwa jinsi katiba ilivyotaka. Tume ya Huduma za Mahakama ilisema haikuhusishwa. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 3 Februari Jaji Daniel Musinga akaamua kwamba uteuzi ule ulikiuka katiba. Spika Kenneth Marende naye akaukataa bungeni. Kabla mwezi haujaisha, Rais aliondoa jina la Visram pamoja na majina mengine matatu aliyokuwa ameyatangaza siku ile ile.

Waliopinga hawakuwa na ugomvi na Jaji Visram mwenyewe. Walichokataa ni njia iliyotumika. Naona huo ulikuwa upinzani wa kiwango cha juu kuliko wowote ambao Wakenya wameuonyesha kuhusu uteuzi wa jaji tangu wakati huo, kwa sababu ulisimama juu ya sheria, ulikuja mapema, na ulipelekwa mahali penye uwezo wa kuamua. Tangu hapo tumekuwa na kelele nyingi zaidi, lakini sehemu kubwa ya kelele hizo huanguka mahali pasipo na masikio.

Hamaki ya mwaka 2011 ilikuwa na chanzo chake. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, Jaji Mkuu Evan Gicheru alimwapisha Kibaki katika Ikulu dakika chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hakuna haki ya kutafutwa kule. Ugomvi ukamalizikia barabarani na mashambani, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Ndiyo maana waandishi wa Katiba ya 2010 walimwekea Jaji Mkuu aliyekuwepo muda wa miezi sita tu kuondoka ofisini, wakaunda mahakama mpya kabisa, Mahakama ya Juu, iliyo juu ya Mahakama ya Rufaa, na wakawapa majaji wake saba mamlaka ya kusikiliza kesi za kupinga uchaguzi wa urais. Anayeketi katika moja ya viti hivyo saba anaweza kuamua iwapo nchi italala salama.

Sasa tutazame jinsi mtu anavyokifikia kiti hicho. Tume ya Huduma za Mahakama ina wajumbe 11. Wamo majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili, Mwanasheria Mkuu, na wajumbe wawili wasio wanasheria wanaowakilisha umma, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Nafasi ikipatikana, Tume huitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwombaji lazima awe na uzoefu wa angalau miaka 15, awe jaji, hakimu, wakili au mwalimu wa sheria wa chuo kikuu. Tume huyachapisha majina ya waombaji, na hapo ndipo sheria inapomfungulia mwananchi yeyote mlango: anaweza kuiandikia Tume habari yoyote anayoijua juu ya mwombaji. Baadaye waliobaki baada ya mchujo huhojiwa hadharani. Kisha Tume hujifungia, hukubaliana, na kumpelekea Rais jina.

Rais hapewi nafasi ya kuchagua tena. Katiba inasema atateua kulingana na pendekezo la Tume. Uhuru Kenyatta, akiwa Rais, alijaribu kwenda kinyume na hilo kwa majaji wa mahakama zilizo chini ya Mahakama ya Juu: mwaka 2019 alipelekewa majina 41, akayakalia karibu miaka miwili, na Juni 2021 akateua 34. Sita kati ya walioachwa waliapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa kuwa Rais. Walipoteza miaka, na wenye kesi waliokuwa wakisubiri majaji walipoteza miaka pamoja nao.

Baada ya hapo kuna hatua ya Bunge, na hapa watu wengi hukosea. Bunge la Kitaifa humpiga msasa Jaji Mkuu na Naibu wake peke yao. Majaji wengine watano wa Mahakama ya Juu hawafiki bungeni. Wakitoka mbele ya Tume, jina huenda kwa Rais, kisha huja kiapo.

Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, tukio ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Majaji sita ndio waliotoa uamuzi, kwa kuwa Jaji Mohammed Ibrahim alikuwa ameugua. Wanne walikubali kufuta: Jaji Mkuu David Maraga, Naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola. Wawili walipinga: Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u. Katika sita hao, ni Maraga na Mwilu tu waliokuwa wamepita Bungeni. Wanjala, Lenaola, Ojwang na Ndung'u waliingia kwa mlango wa Tume peke yake. Kura ya kila mmoja wao ilikuwa sawasawa na kura ya Jaji Mkuu. Kama mmoja kati ya wale wanne angevuka upande wa pili, mahakama ingegawanyika tatu kwa tatu.

Lakini tazama umma huelekeza macho wapi. Jaji Mkuu akitafutwa, nchi nzima hukaa mbele ya televisheni. Mwaka 2021 mahojiano ya kumtafuta mrithi wa Maraga yalifuatwa kama mechi ya fainali, na Martha Koome alipopendekezwa tarehe 27 Aprili, mwanamke wa kwanza kufikia ngazi hiyo, shangwe na manung'uniko vilijaa kila mahali. Muda mfupi baadaye, ndani ya mwezi wa Mei, Tume ilimpendekeza Jaji William Ouko ajaze pengo la Ojwang. Nani alikesha kuyatazama mahojiano yale? Watu walikuwa wamekwisha kuchoka. Na ule ndio uteuzi usio na hatua ya Bunge ya kurekebisha kosa lolote, kama lingekuwepo.

Tunachokiuliza nacho kina kasoro. Willy Mutunga alipohojiwa mwaka 2011 kwa kiti cha Jaji Mkuu, sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa juu ya kipuli alichovaa sikioni. Viongozi wa dini walikipinga, magazeti yakakiandika, naye akasema hatakivua hata kama atakosa kazi. Waliomuunga mkono waliangalia historia yake ya kuwekwa kizuizini enzi za Rais Moi na kazi yake ya kutetea haki, wakamwona mtu wao. Machi 2013 mahakama aliyoiongoza ilitupilia mbali kwa kauli moja kesi ya Raila Odinga ya kupinga uchaguzi wa urais, na wengi waliomshangilia wakageuka kumlaani. Kipuli hakikuwa kimewaonya chochote, wala kizuizi.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya Maraga na Sabato. Yeye ni Mwadventista, na aliulizwa angefanya nini kesi ya urais ikiangukia Jumamosi. Mimi siwalaumu waliouliza. Katiba inaipa mahakama siku 14 tu kuimaliza kesi hiyo, na kila siku ni mali. Lakini swali hilo lilimeza nafasi ya maswali mengine. Mtu huyo alikuwa ameongoza kamati iliyoiandaa Idara ya Mahakama kwa kesi za uchaguzi. Wangapi waliuliza anafikiri nini juu ya fomu za matokeo, juu ya uzito wa makosa ya tume ya uchaguzi, juu ya mtambo wa kupeperusha matokeo? Hayo ndiyo yaliyoamua kesi ya 2017. Jumamosi ilipatiwa dawa yake kwa urahisi: kikao cha maandalizi ya kesi kilianza Jumamosi jioni, jua likiwa limetua.

Kwa Koome kulikuwa na jambo lililostahili kuulizwa. Oktoba 2017, usiku wa kuamkia uchaguzi wa marudio, alikuwa mmoja wa majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa waliosimamisha uamuzi wa Mahakama Kuu kuhusu uteuzi wa maafisa wa kusimamia uchaguzi. Waliolileta jambo hilo katika mjadala wa 2021 walikuwa wakifanya kazi inayofaa. Walichukua uamuzi halisi, wenye tarehe na sababu, wakataka maelezo. Hivyo ndivyo jaji anavyopimwa. Anapimwa kwa hukumu alizoandika, kwa jinsi alivyowatendea wenye kesi, na kwa muda aliowaweka wakingoja. Kabila lake na dhehebu lake vitakuambia ni nani watakaompigia makofi siku ya kiapo, basi.

Ninajua kizuizi kilichopo, nami kinaniuma. Hukumu zimewekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, ila nyingi mno zimeandikwa kwa Kiingereza pekee, tena Kiingereza cha mawakili. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kumtaka mama wa Kwale au Kakamega apime hukumu ambayo hakuandikiwa yeye ni kumdhulumu. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, kwa kila hukumu ya Mahakama ya Juu na kwa hukumu kuu tano za kila anayeomba kuingia humo, si mzigo mkubwa kwa taasisi yenye bajeti ya umma. Tume iulazimishe.

Hata hivyo, kuna ushahidi ambao hauhitaji Kiingereza wala shahada. Kanuni za kesi za madai zinataka hukumu isomwe papo hapo au ndani ya siku 60 baada ya kesi kusikilizwa. Mkulima aliyekaa miaka mitatu akiambiwa "hukumu haiko tayari" ana habari ambayo Tume haiwezi kuipata kwingine. Nambari ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya mwisho ya kusikilizwa, tarehe hukumu iliposomwa: karatasi moja inatosha. Kwa Jaji Mkuu na Naibu wake kuna mlango wa pili, kwa kuwa sheria ya mwaka 2011 kuhusu Bunge kuidhinisha uteuzi inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha kwa Karani wa Bunge ushahidi wa kumpinga mteuliwa, kwa hati ya kiapo, kabla ya kikao cha kumhoji. Neno kiapo lizingatiwe. Uvumi hauapiwi.

Dirisha hilo likifungwa, kinachobaki ni njia ngumu. Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa kwanza wa mahakama hii, alipigwa msasa na kuidhinishwa Juni 2011. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo alizozana na mlinzi aliyetaka kumkagua katika jengo la maduka jijini Nairobi. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa, lakini ghadhabu haikumtoa. Kilichomtoa ni malalamiko mbele ya Tume, kisha jopo la uchunguzi lililopendekeza aondolewe, na hatimaye kujiuzulu kwake Oktoba 2012. Ilichukua miezi kumi. Njia hiyo hiyo ya Ibara ya 168 ipo kwa kila jaji, na mwananchi yeyote anaweza kuianzisha.

Wapo pia waliolalamika kwa namna iliyo bora na bado wakashindwa. Mahakama ilipoundwa mwaka 2011 ilikuwa na wanawake wawili kati ya saba, chini ya theluthi moja ambayo katiba inaitaja. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, pamoja na wenzao walifungua kesi. Mahakama Kuu iliitupa Agosti mwaka huo, ikisema lengo hilo hutimizwa hatua kwa hatua. Mimi sikubaliani na hoja hiyo, kwa sababu taasisi iliyoanzishwa upya ina nafasi ya kuanza vizuri. Lakini kesi ile iliweka hoja mezani kwa maandishi, na kila uteuzi uliofuata umefanyika hoja hiyo ikiwa bado ipo hapo.

Msomaji wa Tanzania ataona tofauti. Kwao mahakama ya juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Majaji wake huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu mwenyewe huteuliwa na Rais. Juni 2025 George Masaju alipochukua nafasi ya Ibrahim Juma, wananchi walilisikia jina likiwa limekwisha kuamuliwa. Hakuna tangazo la nafasi, hakuna orodha ya waombaji, hakuna mahojiano ya wazi. Maoni yalitolewa, ya pongezi na ya mashaka, ila hakukuwa na meza ya kuyapokea.

Kenya meza ipo. Majaji wa Mahakama ya Juu hustaafu wakiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hahudumu zaidi ya miaka kumi katika cheo hicho, kwa hiyo nafasi zitaendelea kutokea mara kwa mara. Nafasi ya jaji wa kawaida, yule asiyepita bungeni, itatangazwa kimya kimya katika Gazeti Rasmi, na siku za kuwasilisha habari zitakuwa chache. Majina yakichapishwa, yasome yote. Kama umewahi kusimama mbele ya mmoja wao, awe alikutendea haki au alikunyima, iandikie Tume ya Huduma za Mahakama barua yenye nambari ya kesi na tarehe, uipeleke kabla mahojiano hayajaanza.