Mtupa na Samaki wa Vijito Vyetu

Nani katika misitu ya Punia asiyeujua mtupa, ijapokuwa kila kabila lina jina lake? Ni mti mdogo, maua yake meupe au ya zambarau, na maganda ya mbegu zake yana manyoya laini. Wataalamu huuita Tephrosia vogelii. Wakati wa kiangazi, vijito vipungukapo, majani yake hupondwa na kutiwa majini. Punde samaki huelea wakitweta.

Mbona watwete, na hewa imo majini? Mtupa hutengeneza sumu ziitwazo rotenoni na degwelini. Asili yao ni ukoo mkubwa wa fenoli, ukoo ule ule utiao ukakasi katika chai na ndizi mbichi. Sumu hupenya matamvua ya samaki, ikaingia damuni, ikazizuia chembe za mwili zisiitumie hewa iliyokwisha kufika. Basi samaki hufa kwa kukosa pumzi, na hewa anayo! Mtu alaye samaki yule kwa kawaida hadhuriki, kwa kuwa tumbo lake hupokea sumu hiyo kidogo tu. Ndiyo maana desturi imedumu. Hata watu wa misitu ya Amerika ya Kusini walivua hivyo kwa mimea yao. Rotenoni yenyewe ilipewa jina mwaka 1902 na Nagai, mtaalamu wa Japani.

Wavu humwachilia samaki mchanga apite, mtupa haumwachilii. Huua pia wadudu wa majini walio chakula chake. Jua huimaliza sumu kwa siku chache, lakini mama atakayekikinga kijito kile mwaka ujao atatia nini kikapuni?

Kumbe mtupa unafaa zaidi ghalani. Unga wa majani makavu, ukichanganywa na kunde, huua wadudu watoboao mbegu. Lakini si kila mtupa una nguvu: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba huko Malawi baadhi ya wakulima walikuwa wamepanda aina isiyo na rotenoni, wakajisumbua bure. Afadhali kuujaribu kwanza katika kunde chache, kisha kuchukua mbegu za mti uliofaa.

Apondaye ajifunge kitambaa puani. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini siku nyingi walishikwa na ugonjwa ufananao na ule wa Parkinson, wenye kutetemesha viungo. Na kunde zioshwe vizuri kabla ya kutiwa chunguni.