Je, Wajua? Dawa ya Madoa Meupe Haiui Madoa Meupe

Je, wajua kwamba dawa ya madoa meupe ya samaki haiyagusi madoa yenyewe? Karibu kila anayefuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo sebuleni hukutana na ugonjwa huu siku moja. Huanza na samaki mmoja anayejikwaruza kwenye mawe. Kesho yake pezi lake lina vidoa viwili vitatu vyeupe, kila kimoja ukubwa wa punje ya chumvi. Siku chache baadaye tangi zima limeambukizwa, na walioelemewa wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Mwenye samaki hukimbilia dukani, hurudi na kichupa, hutia dawa, kisha hukaa mbele ya kioo akingoja vidoa vianguke. Havianguki. Anaongeza dawa. Samaki wakifa usiku huo, si rahisi kujua kama wameuawa na ugonjwa au na dozi ya pili.

Chanzo ni kimelea cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, jina lililotolewa na mtafiti Fouquet mwaka 1876. Kwa kiumbe cha seli moja, hili ni jitu: hufikia karibu milimita 1, ndiyo maana unakiona bila miwani. Lakini hakikai juu ya ngozi. Kimejichimbia chini ya tabaka la nje, kinakula seli za samaki, na ngozi ileile inayoliwa ndiyo inayokikinga na dawa. Ukikwangua ute kidogo wa samaki mgonjwa na kuutazama kwa hadubini utakikuta: tufe lililojaa vinyweleo pande zote, linabingirika polepole, na ndani yake kiini kilichopinda kama kiatu cha farasi. Ukiona umbo hilo, huna haja ya kubahatisha tena.

Kikishashiba, hutoboa ngozi na kuanguka chini. Hunata kwenye changarawe, kwenye jani au kwenye kioo, hujifunika kwa ganda laini la ute, na humo ndani huanza kugawanyika: viwili, vinne, vinane, hadi mamia, pengine hata 1,000. Ganda hilo nalo dawa hailipenyi vizuri. Kisha linapasuka na watoto wote wanatoka kwa pamoja wakiogelea, kila mmoja akitafuta samaki wa kumwingia. Asipompata ndani ya siku mbili hivi, anakufa. Hapo tu, katika muda huo mfupi wa kuogelea, ndipo dawa inapompata. Kutibu madoa meupe ni kuvizia panya mlangoni mwa shimo; kumfukuza akiwa ndani ni kujichosha.

Ndiyo maana dawa hurudiwa kwa siku kadhaa, na ndiyo maana vidoa kutoweka si dalili ya kupona. Vikitoweka vyote kwa mkupuo, mara nyingi maana yake ni kwamba vimeanguka chini na vinazaana. Anayeacha dawa siku hiyo hupata wimbi la pili, kubwa kuliko la kwanza. Msaada mkubwa usiogharimu kitu ni kunyonya uchafu wa sakafu ya tangi kwa mpira kila siku, kwa sababu kila tone la matope unalotoa huenda limebeba ganda lenye mamia ya watoto. Mpira huo usiuvute kwa mdomo, tafadhali, sababu nitaifikia.

Je, wajua kwamba ratiba ya tiba hutegemea unaishi wapi? Kwenye maji ya nyuzi joto 25 mzunguko mzima wa kimelea huchukua siku nne hadi sita. Kwenye nyuzi 15 huvuta wiki mbili hivi, na kwenye nyuzi 10 huweza kufika mwezi na zaidi. Kwa hiyo tangi lisilo na hita Dar es Salaam au Mombasa na tangi lisilo na hita Njombe au Limuru ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama samaki walitoka duka moja. Wa pwani ugonjwa humpanda haraka, lakini pia humaliza tiba haraka. Wa nyanda za juu akifuata ratiba ya rafiki yake wa pwani ataacha dawa wakati vimelea vingi bado vimo ndani ya ngozi.

Hapo ndipo hita inapofaa. Kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 huharakisha mzunguko, na aina nyingi za kimelea hiki hushindwa kuzaana kwenye joto hilo, ingawa si zote. Tatizo ni hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na samaki ambaye matamvua yake yameliwa na vimelea ndiye anayehitaji hewa zaidi. Pampu ya hewa iwashwe kabla ya hita, si baada ya samaki kupanda juu.

Chumvi nayo hufanya kazi. Gramu 2 hadi 3 kwa kila lita ya maji, ikiyeyushwa kwanza kwenye jagi na kumiminwa kidogo kidogo kwa siku nzima, huviua vimelea vinavyoogelea na humpunguzia samaki kazi ya kudhibiti chumvi ya mwili wake. Tangi la lita 60, basi, ni gramu 120 hadi 180. Mimea mingi ya tangini haiipendi, na samaki wasio na magamba, kama jamaa wa kambale, wapewe kiasi cha chini.

Je, wajua kwamba samaki hupata homa kwa kutembea? Mwili wa samaki una joto la maji yaliyomzunguka, hivyo hawezi kujipandishia homa kama sisi. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Nature juu ya samaki waliochomwa sindano ya bakteria: walipopewa nafasi ya kuchagua, walihamia penye maji ya joto zaidi. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwa samaki wa dhahabu kwamba waliougulia kwenye joto walinusurika zaidi kuliko waliowekwa kwenye baridi. Ziwani au mtoni samaki mgonjwa anaweza kwenda kwenye kina kifupi kinachopigwa na jua. Tangini kwako joto ni moja kutoka kona hadi kona. Uamuzi wa homa umeuchukua wewe, ukitaka usitake.

Lakini usikimbilie hita kabla ya kujua ugonjwa. Kuna ugonjwa mwingine unaoweka utando mweupe wa pamba mdomoni na mgongoni mwa samaki, na wauzaji wengi husema ni ukungu. Mara nyingi si ukungu. Ni bakteria, Flavobacterium columnare, ambaye mtafiti Davis alimweleza huko Marekani mwaka 1922, na huyu joto humnenepesha. Aina zake kali huweza kuua ndani ya siku moja au mbili maji yakiwa ya moto. Mtu aliyejifunza jana kwamba joto hutibu madoa meupe, leo akaona weupe mwingine na kupandisha hita, anamaliza tangi kwa mkono wake. Vidoa vilivyotengana ni kimelea. Utando uliosambaa ni jambo lingine.

Na kuna weupe wa tatu, ulio karibu na dhahabu: vumbi laini mno linaloonekana ukimmulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Kimelea chake cha maji yasiyo ya chumvi kina chembe za kijani kama za mmea na hujipatia sehemu ya chakula kutokana na mwanga, kwa hiyo wafugaji hulifunika tangi kwa blanketi wakati wa tiba.

Je, wajua kwamba dawa nyingi za samaki zilianza kiwandani, kama rangi za nguo? Malakaiti kijani ilikuwa rangi ya hariri, sufu na ngozi. Jina limetokana na jiwe la kijani, lakini ndani yake hamna jiwe wala shaba. Huwaua vimelea vizuri sana, ila mabaki yake hubaki kwenye nyama ya samaki, na Marekani na Umoja wa Ulaya haziiruhusu kwa samaki wa kuliwa. Kwa hiyo kichupa cha tangini kisiende kwenye bwawa la sato, hata mara moja.

Methilini bluu ina historia nzuri zaidi. Ilitengenezwa na Heinrich Caro katika kampuni ya BASF, Ujerumani, mwaka uleule wa 1876 ambao Fouquet alikipa jina kimelea chetu. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliitumia Berlin kutibu wagonjwa wawili wa malaria, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za maabara kupewa binadamu. Hospitalini hutumika hadi leo kwa mtu ambaye damu yake imeshindwa kubeba oksijeni. Tangini shida hiyohiyo huletwa na nitriti: damu ya samaki hugeuka kahawia, naye hukosa hewa katikati ya maji yenye hewa tele. Rangi moja, kazi moja, kwa mtu na kwa samaki.

Gharama yake ni kwamba haichagui. Ndani ya kichujio chako wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Dawa ikiwaua hao, samaki hupona madoa na kufa kwa amonia wiki inayofuata. Ndiyo hoja ya kumtibia mgonjwa kwenye ndoo au tangi dogo la pembeni, lenye hita na pampu tu, na tangi kubwa libaki bila samaki. Kimelea kisichopata samaki hakina pa kula. Kwenye joto la pwani tangi tupu hujisafisha kwa wiki moja hivi. (Na bakteria hao bado wana siri: kwa zaidi ya karne iliaminika kwamba kazi hiyo lazima igawanywe kwa makundi mawili, hadi mwaka 2015 walipotangazwa wanaoifanya yote peke yao. Baadhi yao walitoka kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.)

Amonia huwasumbua zaidi wanaofuga samaki wa kwetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu na 9. Kwenye pH 7 amonia yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote iliyomo majini. Kwenye pH 9, joto la nyuzi 25, hufika kama asilimia 36. Kipimo kilekile ambacho samaki wa maji ya pH 7 hukivumilia huweza kumuua samaki wa Tanganyika. Sasa mfikirie samaki aliyetoka Kigoma ndani ya mfuko wa plastiki hadi Ulaya. Njiani amonia yake inajazana, lakini hewa chafu anayotoa hushusha pH na kuizuia isimdhuru. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia yote ya safari hugeuka sumu kwa dakika chache. Anayeuacha mfuko wazi ukielea nusu saa ili samaki “azoee maji” humpa sumu kwa nia njema. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha ukishaufungua mtoe samaki kwa wavu upesi.

Samaki haohao wa Tanganyika na wale wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna wana ugonjwa wao wa kuvimba tumbo. Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo. Wanachokubaliana wafugaji wengi ni kwamba hutokea zaidi pale wala mwani wa mawe, wenye utumbo mrefu, wanapolishwa nyama. Dawa inayotajwa mara nyingi ni metronidazo, ileile ambayo majumbani huitwa Flagyl. Usisage kidonge cha kabati kwa kukisia. Simamisha chakula kwanza, badilisha sehemu ya maji, kisha uliza kipimo.

Je, wajua kwamba samaki aliyepona madoa meupe hupata kinga? Kingamwili zake hukilazimisha kimelea kumtoka kabla hakijamdhuru. Ndiyo sababu tangi la zamani huonekana salama hadi anapoletwa mgeni mmoja asiye na kinga. Mgeni na akae peke yake wiki nne.

Na ule mpira usiovutwa kwa mdomo. Tangini anaweza kuwemo Mycobacterium marinum, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, aliyepatikana mara ya kwanza kwa samaki wa Philadelphia mwaka 1926. Samaki hukonda, hupinda mgongo na kufa mmoja mmoja kwa miezi. Kwa binadamu huingia kupitia mchubuko, hata wa mdomoni, na mara nyingi huacha vinundu vya kidonda mkononi. Hustawi kwenye nyuzi 30 hivi, hivyo hupenda vidole kuliko mapafu, na haambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Tiba yake ni antibiotiki kwa miezi. Ukiwa na jeraha vaa glovu kabla ya kutia mkono tangini, na ukienda hospitali na kidonda cha kidole kisichopona, mwambie daktari mapema kwamba unafuga samaki.