Kobe wa Kompyuta na Watoto wa Chuoni



Katika miezi hii wazazi kadhaa wametujia baada ya sala ya Laasiri wakitaka shauri letu juu ya jambo moja. Skuli ya msingi wanayosoma watoto wao imefungua chumba cha kompyuta, na kila mzazi ametakiwa achangie fedha za umeme na za matengenezo. Wanauliza: Je, hayo ni masomo au ni mchezo? Na saa atakazokaa mtoto mbele ya kioo, hazitakuwa saa alizonyang'anywa Kurani yake?

Hatutaficha kuwa jawabu letu la mwanzo lilikuwa la kukataza. Tulilisema mbele ya wazee, tena kwa maneno makali, ilhali tulikuwa hatujatia mguu ndani ya chumba kile hata siku moja. Kuhukumu usilolijua ni kosa, na kwa kuwa kosa lile tulilitenda hadharani, twaona imetupasa tulieleze hadharani pia.

Aliyetubadilisha ni mtoto wetu mmoja wa chuoni, wa miaka kumi, asomaye darasa la nne. Tulikuwa tumemhesabu kuwa ni mzito. Akikosea aya hunyamaza kimya, asitoe tena hata neno, nasi tukidhani kuwa ule ni ukaidi. Jioni moja, badala ya kukaa jamvini pamoja na wenziwe, tulimkuta uani anatembea mchangani: hatua kumi, anasimama, anageuka, kisha hatua kumi tena. Tukamkaripia. Akasema, "Maalim, mimi ni kobe. Nataka kuchora pembetatu." Wenziwe wakaangua kicheko, na sisi tulikuwa karibu kucheka nao.

Khabari yenyewe ni hii. Katika kompyuta ile mtoto huonyeshwa kobe mdogo aliyeshika kalamu. Kobe hajui lolote ila amri chache: mbele hatua kadhaa, nyuma hatua kadhaa, geuka kulia, geuka kushoto, nyanyua kalamu, shusha kalamu. Apitapo huacha mstari. Mtoto akiandika mbele 100, kulia digrii 90, akairudia amri hiyo mara nne, hupata mraba. Mwalimu wa skuli alikuwa amewapa kazi ya pembetatu yenye pande sawa, na mtoto wetu imemshinda. Basi akatuuliza sisi. Nasi, ambao elimu yetu ya skuli ni ya msingi tu, tulikumbuka kuwa kila pembe ya pembetatu hiyo ina digrii 60, tukamjibu kwa yakini: "Geuka 60, mwanangu."

Akajibu kwa adabu, "Nimefanya hivyo, Maalim. Imetoka nyumba iliyokosa ukuta."

Tulichora mchangani kwa kijiti, na kweli: ukasimama ukuta mmoja, ukafuata upande mmoja wa paa na upande wa pili, kisha basi. Mstari haukurudi ulikoanzia. Hapo ikatulazimu tukunje kanzu, tutembee sisi wenyewe, na watoto wamejipanga wanatutazama. Tulipofika penye pembe ndipo tulipofahamu. Mwenye kutembea hageuki kwa kadiri ya pembe iliyo ndani, bali hugeuka kwa kadiri ya ile iliyobaki nje. Akienda moja kwa moja hakugeuka kabisa. Akitaka kuacha nyuma yake pembe ya 60, ni lazima ageuke 180 kasoro 60, yaani 120. Mtoto mwingine, tena msichana, akasema kuwa ukiizunguka pembetatu yote na ukarudi ulivyokuwa umesimama, umejigeuza mzunguko mmoja kamili wa 360, basi gawa kwa tatu. Na mraba? Gawa kwa nne. Na umbo la pande tano? Wakajibu kwa pamoja: 72. Maghribi ilikuwa karibu kuingia na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Tuliyojifunza jioni ile hayakuwa hesabu peke yake. Mtoto yule yule ambaye mbele yetu hunyamaza akikosea, mbele ya mashine alikuwa amekosea mara saba au nane wala hakuona haya. Kobe hakumkemea, hakumlinganisha na nduguye, wala hakumpigia ukelele mbele ya wenziwe. Alikwenda alikoamrishwa, kosa likaonekana, likafutwa, akajaribu tena. Tulilala usiku ule tukijiuliza, fimbo yetu imewanyamazisha watoto wangapi kwa miaka yote hii?

Kobe huyu ana asili yake. Bwana Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria katika Afrika Kusini mwaka 1928, alifanya kazi mjini Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu mashuhuri wa namna akili ya mtoto inavyokua, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967, yeye na wenziwe Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga huko Cambridge, Massachusetts, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Wakati ule kompyuta ilikuwa ni kitu cha serikali, mabenki na vyuo vikuu, na mtu kusema kuwa mtoto wa skuli ataiamrisha ilikuwa kama mzaha. Kobe wa mwanzo alikuwa wa kushikika kwa mkono, kijigari chenye magurudumu na kalamu tumboni, kikitambaa sakafuni juu ya karatasi. Baadaye ndipo alipoingia ndani ya kioo. Katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, Papert alishikilia kuwa mtoto ndiye apasaye kuitawala mashine, isiwe mashine ndiyo inayomtawala mtoto. Alifariki mwaka 2016. Chuo kikuu alichosomesha, MIT, kilitoa mwaka 2007 programu nyingine ya watoto iitwayo Scratch, ambayo amri zake ni vipande vya rangi vya kupachikana badala ya maneno ya kuandika. Haina malipo, na hupatikana kwa Kiswahili pia.

Na hapa tuseme neno la pembeni. Mpango wa hatua baada ya hatua, kama huu anaopewa kobe, Wazungu huuita kwa neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, Mwislamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tatu ya Hijra. Twalitaja si kwa kujifakhiri, kwani kujifakhiri kwa kazi ya marehemu hakumfunzi mtoto wetu kugawa 360 kwa tatu.

Baadaye tulikwenda chumbani kwa idhini ya mwalimu mkuu, na tukawapa watoto kazi yetu. Wasomaji mnaijua alama ya robo ya hizbu katika msahafu, nyota ya pembe nane. Tuliwauliza imefanywa vipi. Waliitazama kwa muda mrefu kabla mmoja hajaona kuwa ni miraba miwili iliyolaliana. Basi kobe akae katikati, anyanyue kalamu, aende mbele hatua 71, ageuke kulia 135, ashushe kalamu na achore mraba wa hatua 100. Kisha anyanyue kalamu, ageuke kushoto 135, arudi nyuma hatua zile 71 mpaka katikati, ageuke kulia 45, na afanye kazi ile ile mara ya pili. Ile 71 iliwapotezea nusu saa nzima. Walijaribu 50, miraba ikakataa kukaa sawa, wakajaribu 80, wakapanda na kushuka mpaka wakaipata. Hatukumwona mtoto hata mmoja aliyesinzia.

Wala tusidhaniwe kuwa sasa twasifu kila kompyuta iingiayo skuli. Tulipata kuzuru skuli nyingine, mbali na kwetu, ambako kipindi kizima watoto walikuwa wakipasua mapovu ya rangi kwa kubonyeza na kushangiliwa kwa tarumbeta. Tulimuuliza mmoja amejifunza nini, akatuambia amepata nyota 300. Mchezo kama huo si haramu, lakini mzazi asitozwe fedha zake kwa jina la masomo. Kipimo chetu ni chepesi. Mtoto arudipo, usimuulize kama alifurahi, muulize, "Leo umekosea wapi, na umetengeneza vipi?" Akiwa hana la kujibu kwa majuma kadhaa, nenda skuli ukaulize.

Wako wasemao kuwa mashine itamwondoa mwalimu. Juu ya hili sisi watu wa Tanga tuna la kusema, kwani jaribio kubwa lilifanywa katika mkoa wetu. Watoto wanaokaribia 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vituo vya umeme wa jua vya kuvichajia. Wengi wao hawakuwa wamepata kuingia skuli, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindani wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10, na programu zilizoshindanishwa ziliachwa huru kwa kila atakaye kuzitumia.

Nusu ile si kidogo. Mwenye kuidharau hajakaa na mtoto asiyejua alifu wala a. Lakini nusu ya pili je? Hao walikuwa na kifaa kile kile na jua lile lile. Twaona kuwa kwao ndiko anakohitajiwa mtu wa kukaa kando ya mtoto, kumtazama uso, na kujua kwamba leo hakula, au kwamba haoni vizuri, au kwamba nyumbani kuna maradhi.

Ama saa za chuoni, tumekubaliana na skuli kuwa kompyuta ni asubuhi tu, na hakuna mtoto atakayezuiliwa baada ya Adhuhuri. Tangu hapo hatujapata upungufu wa mahudhurio. Yule mtoto wa pembetatu naye hanyamazi tena akikosea. Husema, "Ngoja, Maalim, nirudi nyuma," akaanza aya upya, na sisi tumejifunza kungoja.

Limebaki moja linalotutia wasiwasi. Mashine ni nane, na mbili hazifanyi kazi tangu mvua za masika. Watoto hukaa watatu au wanne kwa kila moja, na tulipohesabu kwa macho yetu, mkono uliokuwa juu ya kibodi karibu kila mahali ulikuwa wa mvulana, na wasichana wakitazama kwa mbali, pamoja na yule aliyetufunza sote kugawa 360. Tumemwomba mwalimu awape zamu za dakika kumi kumi kwa saa ya ukutani, naye ameanza kufanya hivyo kwa darasa la nne. Mkutano wa wazazi utakuwa juma la pili baada ya Idi. Fundi ametaka fedha za mashine zile mbili kabla ya kuzigusa, na sisi tutakuwa miongoni mwa watakaochanga.